Isola Bella: kasri lililoficha kona yake

Anayeshuka boti Isola Bella huinua macho moja kwa moja kwenye bustani: matuta kumi yamepandana hadi kwenye sanamu ya farasi mwenye pembe moja, nembo ya ukoo wa Borromeo. Mimi ni msanifu majengo, na kinachonirudisha pale ni kona moja ambayo wageni wengi huipita bila kuiona.

Kisiwa hiki cha Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, kilikuwa mwamba wenye kijiji cha wavuvi. Mwaka 1632 Carlo III Borromeo alianza kujenga kasri, kisiwa kikapewa jina la mkewe, Isabella. Mwanawe, Vitaliano VI, aliikazania kazi hiyo, na bustani ikazinduliwa mwaka 1671.

Tatizo lilikuwa umbo la mwamba. Kasri na bustani havikai kwenye mstari mmoja. Ungetoka ndani moja kwa moja, bustani ungeikuta imekaa upande, na fahari yote ingeharibika.

Basi katikati wakaweka ua mdogo wenye pembe nyingi. Mbele yako kuna shubaka lenye sanamu ya Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale. Kulia na kushoto, ngazi mbili zilizopinda. Unapopanda, mwili unageuka taratibu bila wewe kujua, na ukifika juu bustani imekunyookea. Nilipanda na kushuka mara tatu, mkono ukutani, nikitafuta mahali hasa ninapogeuzwa. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko dhahabu yote ya kumbini.

Kabla ya hapo utapita vyumba sita vya mapango, karibu na maji. Kuta na dari zimepambwa kwa kokoto nyeusi na nyeupe, zilizopachikwa moja moja kwa mkono. Wenyewe walishuka humu kukimbia joto la kiangazi, na hata leo ukiingia mchana wa jua unausikia ubaridi shingoni. Usiharakishe hapa.

Chumba alicholala Napoleon mwaka 1797 kitazame tu upite. Ukumbi wa muziki, ambamo Italia, Ufaransa na Uingereza zilikutana Aprili 1935, una haki ya dakika zako kidogo. Ukumbi mkuu nao ulikamilishwa katika karne ya 20, takriban miaka 300 baada ya ujenzi kuanza.

Majira ya baridi kasri hufungwa. Ukienda, kwenye ua wa Diana acha kundi litangulie, kisha panda peke yako, polepole, ukitazama miguu yako.