Je, Wajua Dhahabu Hukusanyikaje Katika Miamba ya Tope Iliyokunjwa?

Katika tani 1,000 za mwamba wa kawaida mna gramu chache tu za dhahabu, ilhali mgodi wa chini ya ardhi kwa kawaida huhitaji gramu kadhaa katika kila tani moja. Maana yake ni kwamba dhahabu lazima ikusanywe mara elfu moja au zaidi kabla haijawa na thamani kwa mchimbaji.

Chanzo chake mara nyingi ni tope jeusi la chini ya bahari, lenye mabaki ya viumbe na lisilofikiwa na oksijeni. Tope hilo hunasa dhahabu kidogo iliyoyeyuka majini na kuificha ndani ya pairiti, madini ya chuma na salfa yanayoota humo humo. Likifukiwa na kugandamizwa huwa mwamba, lakini dhahabu yake bado imetawanyika mno.

Mambo hubadilika mabamba ya dunia yanapogongana, kwa kuwa matabaka yaliyolala hukunjwa na kusukumwa kilomita nyingi chini, kwenye joto kali. Joto linapokaribia nyuzi 500 za Selsiasi, pairiti hugeuka kuwa pirotaiti, ambayo ina salfa pungufu, na salfa iliyozidi hutoka pamoja na dhahabu na aseniki, huku madini yaliyotokana na udongo wa mfinyanzi yakiachia maji yaliyofungwa ndani yake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima: dhahabu haiyeyuki kwa urahisi katika maji matupu, bali hushikamana na salfa na kusafiri nayo katika maji ya moto.

Maji hayo hutafuta njia ya kupanda, lakini mwamba wa tope haupitishi maji kirahisi, hivyo shinikizo huongezeka mpaka ufa upasuke na ardhi itetemeke. Shinikizo likishuka ghafla, dhahabu na kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, huganda na kuziba ufa, kisha shinikizo huanza kujengeka upya. Ushahidi wa marudio hayo unaonekana kwa macho: mishipa mingi ya kwatzi ina mistari myembamba ya mwamba mweusi iliyopangana sambamba, ambayo ni alama za ufa kufunguka na kuzibwa tena na tena.

Mkunjo nao hutengeneza nafasi. Ukikunja rundo la karatasi, kurasa huteleza moja juu ya nyingine na kuachana kidogo penye kilele cha mkunjo. Vivyo hivyo matabaka ya mchanga na tope. Huko Bendigo, Australia, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa mwaka 1851, kwatzi ilijaza vilele hivyo kwa umbo la tandiko la farasi, tandiko moja chini ya jingine katika mkunjo ule ule, na ndiyo sababu wachimbaji waliufuata mhimili wa mkunjo hadi kina cha zaidi ya mita 1,000.

Si lazima dhahabu isafiri mbali, hata hivyo. Katika eneo lenye dhahabu la Sukhoi Log, Siberia, viini vya chembe za pairiti vina dhahabu iliyofichika isiyoonekana kwa jicho, ilhali tabaka za nje, zilizoota mwamba ulipokunjwa na kupata joto, zina dhahabu iliyofichika pungufu kuliko viini, na ndani yake kuna vipande huru vya dhahabu vilivyojitenga.