A39.9: "maambukizi ya meningokoki yasiyobainishwa" maana yake nini

Ukikuta A39.9 kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitalini au kwenye fomu ya madai ya bima, usidhani daktari alishindwa kujua ugonjwa. Msimbo huo una uhakika mmoja mkubwa: mgonjwa ameshambuliwa na bakteria aitwaye meningokoki, yaani Neisseria meningitidis. Kinachokosekana ni maelezo ya sehemu ya mwili iliyoshambuliwa.

Msimbo wenyewe unatoka ICD-10, toleo la kumi la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa la Shirika la Afya Duniani. A39 yote ni ya meningokoki, na tarakimu baada ya nukta ndiyo inayotaja sura ya ugonjwa. A39.0 ni homa ya uti wa mgongo, ile inayojulikana na wengi. A39.1 ni hali ya Waterhouse-Friderichsen, ambapo tezi zilizo juu ya figo huvuja damu na mgonjwa anaweza kufa katika muda wa saa chache. A39.2 hadi A39.4 ni bakteria kuenea kwenye damu, A39.5 ni moyo.

Panapochanganya ni 8 na 9. A39.8 hutumika pale daktari ameeleza vizuri, tuseme bakteria ameingia kwenye maungio ya goti, ila orodha haina nafasi maalumu ya tatizo hilo. A39.9 ni kinyume chake: nafasi zipo tele, faili ndilo halisemi. Kwa hiyo 9 ni habari ya maandishi kuliko habari ya mwili wa mgonjwa.

Kuna pia G03.9, ambayo mara nyingi huwekwa kapu moja na A39.9 kwa kuwa zote zinaishia na 9. Hiyo ni homa ya uti wa mgongo ambayo chanzo chake hakikutajwa. Utando wa ubongo unajulikana umevimba, lakini haijulikani kama ni kwa bakteria, kirusi au kitu kingine. Katika A39.9 mhusika ana jina, mahali ndipo hapana.

A39.9 huzaliwaje? Mtoto analetwa na homa kali na madoa ya zambarau kwenye ngozi. Damu inaoteshwa maabara, meningokoki anaonekana, dawa zinaanza. Maji ya uti wa mgongo hayatolewi kwa sababu hali ni mbaya mno, au anahamishiwa hospitali nyingine. Jioni daktari aliyechoka anaandika maneno matatu tu: "maambukizi ya meningokoki". Anayeweka misimbo hana ruhusa ya kubuni. Hata akihisi ilikuwa homa ya uti wa mgongo, hawezi kuandika A39.0 kwa hisia. Anachoweza ni kumrudia daktari na kumuuliza, na kwa maoni yangu simu hiyo moja ina faida kuliko semina nyingi za misimbo. Tena jibu la maabara likionyesha bakteria yuko kwenye damu, na daktari akalithibitisha kwa kalamu yake, msimbo unasogea A39.2 au walau A39.4.

Si kila A39.9 ni uzembe, basi. Ila zikijaa kwenye takwimu za mwaka, homa ya uti wa mgongo itaonekana imepungua ilhali imejificha tu kwenye mstari wa mwisho. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, haikuiondoa nafasi hii. Imeibadilisha sura tu ikawa 1C1C.Z.

Upungufu mwingine hausemwi sana. Hata A39.0 iliyoandikwa kwa ukamilifu haitaji kundi la bakteria, na makundi yanayoleta maradhi zaidi ni A, B, C, W, X na Y. Mahujaji huchanjwa dhidi ya A, C, W na Y kabla ya kuingia Saudia. Chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutolewa kwa kampeni kubwa Burkina Faso mwaka 2010, ililenga A peke yake. Anayetaka kujua chanjo ipi ipelekwe wapi hatalipata jibu kwenye msimbo. Itabidi afungue daftari la maabara.