Lefebvre: jina la ukoo lenye "b" isiyotamkwa

Ukilikuta jina Lefebvre limeandikwa, ulimi hukwama kwenye ile "b". Usihangaike nayo, haitamkwi. Mfaransa husema "Lefevr", sawa na anavyomwita jirani yake anayejiandika Lefèvre.

Maana yake ni mhunzi. Katika Kifaransa cha zamani fèvre ni mfua chuma, na hiyo Le ya mbele ni kama sisi tunaposema "yule": yule mhunzi. Zama za kati watu walibatizwa jina moja tu, na akina Jean walipozidi kijijini ilibidi watofautishwe. Mwenye fuawe na mivukuto hakuwa mgeni kwa yeyote, kwani majembe na viatu vya farasi vyote vilitoka kwake. Lakabu ikaganda, wajukuu wakairithi hata wasiojua kushika nyundo.

Neno lenyewe limeshakufa. Mhunzi wa leo ni forgeron. Limesalia ndani ya orfèvre, yaani sonara, kama katika Quai des Orfèvres, ukingo wa mto Seine jijini Paris.

Na "b" je? Fèvre inatokana na faber, neno la Kilatini lenye maana ya fundi. Midomoni mwa watu "b" ililainika ikawa "v". Karne nyingi baadaye makarani waliojivunia Kilatini chao wakairudisha kwenye karatasi, lakini "v" wakaiacha palepale, ndiyo maana mzazi na mtoto wamekaa bega kwa bega ndani ya jina moja. Kibaya zaidi, enzi hizo "u" na "v" zilikuwa herufi moja. Wapo waliosoma "Lefebure", na hadi leo kuna koo za Lefébure: kosa la kusoma limegeuka jina halali! Sheria ya mwaka 1794 iliyomlazimu kila raia kubaki na jina la cheti chake cha kuzaliwa ilisaidia kuzigandisha tahajia hizi zote.

Lefebvre ni jina la kaskazini hasa. Kusini mhunzi huyohuyo ni Fabre au Faure, Brittany ni Le Goff, Alsace ni Schmitt. Félix Faure, rais wa Ufaransa kuanzia 1895 hadi 1899, ni mhunzi kwa jina tu. Ujanani kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi.