Panga mistari kabla ya kuvuta kamba ya mashine

Bustani ya ukoka ya mita 30 kwa 18 inaweza kukatwa kwa dakika 22 au kwa dakika 34, mashine ileile ya kukata nyasi, mtu yuleyule, mwendo uleule. Dakika hizo 12 zinapotea kwenye kona, na zaidi kwenye kupandiana kwa mistari.

Tuhesabu. Mashine ya kusukuma yenye kisu cha inchi 21 ina upana wa sm 53. Ukiacha sm 8 za kupandiana, kila mstari unakata sm 45 mpya. Ukifuata upande mrefu unapata mistari 40. Ukifuata upande mfupi, 67. Umbali wa kutembea ni karibu sawa, kama mita 1,200, ila umejiongezea kona 27. Kwa sekunde 6 kila kona, ni chini ya dakika tatu. Si nyingi, lakini muda siyo hasara pekee. Magurudumu yanapozungushwa papo hapo huchuna ukoka, hasa udongo ukiwa umelowa, na wiki baada ya wiki kingo zinaota vipara.

Kupandiana ndiko kunakokula muda kweli. Mtu anaogopa kuacha nyasi, basi anapandisha mashine sm 20 juu ya mstari uliopita. Mistari 40 inakuwa 55, yaani mita 450 za bure za kusukuma. Tazama gurudumu, usitazame kisu. Kwenye mashine nyingi magurudumu yamekaa nje ya ncha za kisu, kwa hiyo ukikanyaga alama ileile ya gurudumu la mstari uliopita, utaacha ushungi mwembamba wa nyasi katikati. Gurudumu lipite pembeni tu ya alama hiyo, upande uliokwisha kukatwa. Mstari wa kwanza ndio unaoamua yote: tembea ukikazia macho kitu cha mbali, nguzo au mti, maana ukitazama miguu yako utapinda, na mistari 39 inayofuata itapinda nawe.

Kabla ya mistari hiyo, zunguka ukingo wote mara mbili. Unapata ukanda wa karibu sm 90 wa kugeuzia mashine juu ya nyasi zilizokwisha kukatwa. Upana huo hautoshi kwa mashine ndefu yenye mfuko nyuma. Hapo zunguka mara tatu.

Kama mashine yako inatupa majani pembeni, mwelekeo wa kuzunguka una maana kubwa. Nyingi hutupa kulia. Mizunguko ya ukingoni iende upande wa mshale wa saa, ili majani na vijiwe virushwe ndani ya bustani, visiende kwenye maua, madirisha au gari. Baada ya hapo geuza. Wakati wa masika, nyasi zikiwa ndefu, kwenda na kurudi ni kosa: kila mstari wa pili unamwaga majani juu ya nyasi ambazo hujazikata, kisu kinayakata upya, yanajazana chini ya mashine, injini inakoroma na kuzima. Gawa bustani vipande vya upana wa mita 5 au 6, kila kimoja ukizunguke kinyume cha mshale wa saa kutoka nje kuingia ndani. Majani yote yataangukia palipokwisha kukatwa. Mwenye mfuko wa kukusanyia hana haja na haya.

Umbo la herufi L lifanye mistatili miwili. La pembetatu, fuata upande mrefu kuliko yote. Mti ulio katikati uzunguke mara mbili kwanza, kisha mistari iukwepe tu, na usiruhusu chuma cha mashine kugonga shina. Jeraha la ganda halipoi haraka.

Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma iende kukatiza, kushoto kwenda kulia. Ukiipandisha na kuteleza, inakurudia mguuni. Mashine ya kukalia ni kinyume: hiyo ipande na kushuka, kwa sababu ikikatiza inaweza kupinduka.

Safari ijayo badili mwelekeo kwa nyuzi 90 au 45. Hapo utatembea zaidi kidogo, na mimi naona inafaa: nyasi zinazokatwa upande mmoja kila mara hulalia upande huo, kisu kinapita juu yake, na magurudumu yanachimba njia.

Mwenye mashine ya umeme ana sheria moja ya ziada. Anzia karibu na soketi, mistari yako iende kukatiza mbele ya soketi, na kila mstari uwe mbali zaidi kuliko uliopita. Waya utabaki nyuma yako, juu ya nyasi zilizokatwa. Kwenye kona, geukia upande ambao waya haupo.