"Guarantor" si shahidi tu

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya Kampala: ukiandikwa "guarantor" kwenye fomu ya mkopo, wewe ni shahidi tu, tia sahihi umsaidie ndugu yako. Si kweli. Shahidi kwa Kiingereza ni "witness", anayethibitisha kwamba aliona sahihi ikiwekwa. "Guarantor" ni mdhamini, omweyimirizi kwa Kiganda; mkopaji akishindwa kulipa, deni linaweza kumgeukia yeye. Watu huchanganya kwa sababu mara nyingi wote wawili hutia sahihi chini ya karatasi ileile. Kabla ya kushika kalamu, soma mstari ulio juu ya jina lako: "I guarantee" au "I undertake to pay" ni ahadi ya kulipa. Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo. Kuna mtu atausoma asubuhi, atie sahihi mchana.