Kwa Nini Studio za Muziki Zilirekodi kwa Kaseti za Video?

Mwaka wa 1992 kampuni ya Alesis ya Marekani ilianza kuuza ADAT, mashine ya studio iliyorekodi njia nane za sauti, kila chombo au mwimbaji kwenye njia yake, ndani ya kaseti ya S-VHS. Kwa umbo, kaseti hiyo haikutofautiana na zile za filamu zilizokuwa zikikodishwa mitaani Nairobi, ingawa haikuwekwa picha hata moja.

Wengi hudhani kwamba kanda ni analojia na dijitali ni kompyuta. Hapa kwetu dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa maneno hayo mawili yalienea kupitia televisheni, mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka wa 2015 na kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Hata hivyo, kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, nayo hupokea chochote inachopewa. Mashine ya analojia huiachia usumaku unaopanda na kushuka pamoja na sauti. Ya dijitali hupima sauti mara 48,000 kwa sekunde, hukiandika kila kipimo kwa biti 16, yaani tarakimu 16 ambazo kila moja ni sifuri au moja, kisha huiachia kanda sifuri na moja tupu. Kampuni ya 3M ilikuwa na mashine ya kanda ya dijitali yenye njia 32 mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo kompyuta ya mezani isingeweza kuhifadhi hata wimbo mmoja.

Ugumu ulikuwa wingi wa biti: njia nane zilihitaji zaidi ya milioni 6 kila sekunde. Mfikirie karani anayeandika kwenye karatasi inayovutwa polepole mbele yake. Akituliza kalamu mahali pamoja, atapata mstari mmoja tu. Akiupeleka mkono kutoka ukingo hadi ukingo, ataijaza karatasi yote bila kuiharakisha.

Ukifungua deki ya VHS utauona mkono huo: silinda ya chuma inayong'aa, iliyoinamishwa kidogo, yenye vichwa vidogo vya kuandika na kusoma kanda ubavuni. Katika deki za PAL, mfumo wa picha za televisheni uliotumika Kenya, kanda hutembea takriban sentimita 2.3 kwa sekunde, lakini silinda huzunguka mara 1,500 kwa dakika, hivyo vichwa huipitia kanda kwa karibu mita 5 kwa sekunde, vikichora mistari ya mshazari iliyobanana. ADAT ilitumia mbinu hiyo hiyo, ila iliivuta kanda kwa kasi zaidi, na ndiyo sababu kaseti ya dakika 120 ilibeba dakika 40 tu za muziki.

Wapo waliolalamika kwamba sauti yake ni baridi. Ikiwa ndivyo, sababu itafutwe kwenye saketi zinazogeuza sauti kuwa namba, kwa maana kanda ya dijitali haiongezi ladha yoyote. Vumbi likifuta biti chache, mashine huzirudisha kwa kutumia biti za ziada zilizoandikwa pamoja nazo. Uharibifu ukizidi uwezo huo, sauti hukatika ghafla.

Kaseti hizo zimeachwa, lakini tundu la mwanga lililobuniwa kuunganisha mashine hizo bado lipo kwenye vifaa vingi vya studio vinavyouzwa leo, nalo hupitisha njia nane katika waya mmoja, kwa jina lile lile la ADAT.