Ushauri nasaha ni nini hasa?

Jina lenyewe linapoteza watu. Ushauri ni ushauri, na nasaha nayo ni ushauri. Maneno mawili ya asili ya Kiarabu yamebebana kusema jambo lile lile. Ndiyo maana mtu akielekezwa huko hutegemea kumkuta mwenye busara atakayemwambia la kufanya. Akitoka bila kuambiwa, anaona kapoteza nauli.

Wengi wetu Tanzania tulilizoea neno hili kwenye vituo vya kupima Ukimwi: unakaa na mshauri kabla ya kutolewa damu, unakaa naye tena majibu yakitoka. Shuleni na vyuoni husemwa unasihi, na mwenye kazi hiyo ni mnasihi. Ni mazungumzo ya faragha kati ya mtu aliyeelemewa na mtu aliyefunzwa kumsaidia alione jambo lake vizuri. Si lazima uwe mgonjwa. Kufiwa, kuachika, kuhamia mji mgeni, hata kupata mtoto wa kwanza, vyote vinatosha kukupeleka.

Chukua kustaafu. Watumishi wengi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima wakifika miaka 60. Kiinua mgongo kikiingia, washauri nao wanaingia: shemeji anasema nunua bodaboda tatu, jirani anasema fuga kuku wa mayai, mtoto wa pili ana mradi wake. Ushauri umejaa tele; usingizi ndio hakuna. Mzee anaamka saa kumi na moja alfajiri kama miaka yote ya kazi, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, kisha anakaa barazani. Mkewe anasema, "Baba watoto siku hizi ana mawazo."

Kwa mnasihi huenda akamkuta binti wa rika la mwanawe. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Moyoni anajiuliza mtoto huyu atamweleza nini. Binti hamwelezi kitu, anamwomba tu: "Baba, nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Mzee anasema hakuna cha kusimulia. Nusu saa baadaye bado anasimulia, na katikati ya maneno linamtoka ambalo hakuja nalo: simu yake hailii tena. Ofisini alikuwa akiulizwa kila kitu.

"Mawazo" hayashikiki, lakini simu isiyolia inashikika. Kuanzia hapo wanachambua pamoja: lipi liko ndani ya uwezo wake, lipi halimo, lipi linaweza kusubiri. Wanachagua moja dogo la wiki hiyo, pengine kumtembelea mwenzake aliyestaafu kabla yake, na kikao kijacho wanaangalia limekwendaje. Likishindikana, wanatafuta kwa nini.

Kazi hii haihitaji ofisi yenye kiyoyozi. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaani kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Kishona, lugha ya huko, kina neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambalo ni mawazo yetu haya haya. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walibaki na dalili chache za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa nini basi usimwendee shangazi? Mwendee, ila shangazi ana upande wake, na kesho kuna harusi ya ukoo. Kwa mnasihi maneno yanabaki chumbani, isipokuwa pale uhai wa mtu ukiwa hatarini. Na anayesikia sauti zisizokuwepo au anayetaka kujiua apelekwe hospitali upesi.

Kikao cha tatu mzee aliuliza waziwazi: "Sasa mwanangu, bodaboda ninunue au nisinunue?"

"Ukizinunua, baba, nani atakuwa akikupigia simu?"

Mzee akacheka. Akasema pesa zikae benki kwanza mpaka masika yaishe.